Magoti Nyuma ya Foklifti

Kumuudhi Datius Kaijage hakukuhitaji matusi. Ulimsalimia tu umesimama, mkono mmoja mfukoni, ukapita zako. Basi, umekwisha. Angekuitikia, maana naye ana adabu zake, lakini kutwa nzima ungekuwa wimbo wake: "Mmemwona yule? Kaniamkia kama anasimamisha bodaboda!" Jioni akirudi kwake Nyanga, mkewe Georgina alisimuliwa yote kabla mume hajavua viatu, naye akaendelea kumenya ndizi na kuguna tu, "Mh," kwa sababu hadithi yenyewe aliijua. Kilichobadilika kila siku ni jina la mkosaji.

Si kwamba alizaliwa na kiburi hicho. Alitoka Nshamba akiwa kijana, akaja Bukoba mjini kubeba magunia kwenye ghala la kahawa. Kubeba hasa, mgongoni, kahawa ya maganda yenye vumbi linalowasha shingo na kuingia hadi puani. Miaka yote hiyo hakuwa na jina. Alikuwa "wewe kuli", alikuwa "wewe sogea", na watu wa ofisini walimpita kama wanavyoipita nguzo. Kule Nshamba baba yake hakuwa na utajiri wowote zaidi ya kibanja cha migomba na mibuni, lakini akipita njiani mabinti wa watu walishuka magoti chini wakamwamkia kwa heshima zote. Mwanawe huku mjini hata mbwa wa mlinzi hakumtikisia mkia. Hilo lilimuuma kuliko magunia yenyewe.

Kisha ikaja foklifti. Makuli wenzake walipoiona ile gari fupi, nene, yenye vyuma viwili mbele vya kuingiza chini ya paleti ya mbao na kuinua magunia hadi karibu na dari, walirudi nyuma. Datius akajitolea. Akapelekwa mafunzo, akafaulu, akapewa leseni ya kuiendesha. Na tangu alipoketi kwenye kile kiti, loo, dunia ikageuka! Meneja akaanza kumwita Mzee Datius. Madereva wa malori wakawa wanamngojea yeye. Na wale wanawake wanaochambua kahawa mezani, wengi wao wa vijijini wanaojua desturi, wakawa wakimkuta asubuhi wanapiga magoti na kumwita baba kwa Kihaya: "Shikamoo, Taata." Weee! Siku hiyo hata chai asingeihitaji.

Na alikuwa dereva mzuri, tusimnyime haki yake. Matairi, breki, minyororo, alivikagua kila asubuhi kabla hajawasha. Kutembea huku mzigo uko juu? Hathubutu. Kuna vijana waliomwomba awapandishe kwenye vile vyuma ili wafikie gunia la juu kabisa, aliwafukuza kwa maneno ambayo hayafai kuandikwa. Hakuwahi kumgusa mtu hata kwa bahati mbaya. Ndiyo sababu alipokuja Mastura na ndoo ya rangi ya njano, Datius aliona anadharauliwa.

Mastura alikuwa afisa usalama mpya, mtoto wa Miembeni, kazaliwa na kukulia hapohapo Bukoba. Alichora mstari sakafuni kuzunguka njia yote ya foklifti, halafu akawakusanya wafanyakazi uani.

"Anayetembea kwa miguu abaki upande huu wa mstari," alisema. "Ukiwa na shida na dereva, simama mbali pale anapokuona, inua mkono, subiri azime injini ashuke. Na salamu ni hivyohivyo. Hakuna kumfuata dereva kumwamkia, na hakuna kupiga magoti karibu na mashine. Nyuma ya foklifti kuna chuma kikubwa na mtungi wa gesi. Dereva akigeuza shingo anamwona aliyesimama. Aliyepiga magoti hamwoni."

Watu wakacheka. Hadi magoti nayo yawekewe sheria? Datius hakucheka.

"Afisa, kwa hiyo umekuja kutufundisha kuishi bila adabu?"

"Nimekuja kuwafundisha kuishi tu, Mzee wangu."

"Mimi tangu nianze kazi hii nimemkanyaga nani?"

"Hakuna. Na tunataka iendelee hivyohivyo."

Datius alikuwa amekwazika. Alijiambia kwamba binti huyu wa mjini, hata kama ni wa hapahapa, hajui mtu anapoteza nini anapopoteza salamu yake.

Sasa, miongoni mwa waliosikiliza siku hiyo alikuwamo Evelyne, msichana wa Nshamba, mpole, mwepesi wa mikono mezani. Kazi alitafutiwa na Datius mwenyewe. Mama yake, Kokuhirwa, kibanja chake kinapakana na kile alichoachiwa Datius na baba yake, naye ndiye aliyemwambia, "Nakukabidhi huyu. Ukimwona anapotoka, mkanye kama wako." Evelyne alikuwa mtu wa kufuata anachoambiwa. Mastura alisema inua mkono, basi yeye akainua mkono. Kila asubuhi alisimama nyuma ya mstari wake wa njano, akatabasamu, akapaza sauti, "Shikamoo, Taata!" na mkono huo hewani.

Wengine wakifanya hivyo Datius alivumilia. Lakini mtoto wa Nshamba? Mtoto aliyemleta yeye? Alivimba siku moja, akavimba mbili, hatimaye mchana mmoja wachambuaji wakiwa wameketi kivulini na sahani zao za ndizi na maharage, akasimama mbele yao.

"Evelyne! Mama yako anajua kwamba siku hizi unaniamkia kwa kunipungia mkono?"

Msichana akaweka sahani chini. "Taata, ni kwa sababu ya ule mstari..."

"Mstari ndio uliokulea? Nilidhani nimeleta mtoto wa watu hapa, kumbe nimeleta mhuni wa stendi! Kesho uniamkie kama ulivyofunzwa kwenu. La sivyo nampigia simu Kokuhirwa aje amchukue mtoto wake."

Wenzake wote wakainamisha vichwa kwenye sahani. Evelyne akasema, "Ndiyo, Taata. Nisamehe," na Datius akaondoka akijiona ametimiza wajibu. Jioni alimsimulia Georgina akitegemea ile "mh" yake ya kila siku. Safari hii hakuipata.

"Umemwaibisha mtoto mbele za watu kwa ajili ya magoti yake?"

"Ni adabu hiyo, mwanamke!"

"Haya," akasema Georgina, akarudi kwenye ndizi zake.

Kesho yake malori yalifurika uani. Datius alikuwa amebeba shehena kubwa iliyomziba macho mbele, kwa hiyo alikuwa anakwenda kinyumenyume, kama inavyotakiwa mzigo ukikuzuia kuona. Karibu na meza za wachambuaji akasimama kidogo kupisha lori lililokuwa linaingia. Injini yake inanguruma, mashine ya kukoboa nayo inapiga kelele upande wa pili, hata ungeitwa jina usingesikia. Lori likapita. Datius akageuza shingo, akaona sakafu tupu na mstari wa njano. Akatia rivasi. Kengele ya nyuma ikalia kama inavyolia siku zote, akakanyaga mafuta.

Alichosikia kwanza ni mwanamke mezani akipiga ukunga na kumwita mama kwa Kihaya, "Mawe! Mawe!" Alichohisi ni tairi la nyuma kupanda juu ya kitu kidogo, kitu ambacho asingeshtuka hata kidogo kama kingekuwa ubao. Akafunga breki. Akashuka, akazunguka nyuma. Evelyne alikuwa chini, kanga imekazwa kiunoni, mguu wake wa kushoto uko chini ya tairi. Hakuwa analia. Alikuwa amefumbua macho, anautazama mguu. Datius akalazimika kupanda tena kwenye kiti na kuisogeza mashine mbele ili imwachie, na sauti aliyoitoa yule mtoto tairi lilipokuwa linashuka ndiyo inayomjia mpaka leo akiwa katikati ya sala.

Wakamkimbiza hospitali. Mguu haukukatwa, lakini mifupa ya chini ya goti ilivunjika vibaya, na daktari akasema hatatembea sawasawa tena.

Mastura alimuuliza siku ileile, kwa upole kabisa. Wote wawili walikuwa wamesimama karibu na mashine iliyozimwa.

"Mzee, ulimwona?"

"Sikumwona."

Huo ulikuwa ukweli mtupu.

"Wanawake wanasema alikuwa amepiga magoti. Unajua kwa nini alivuka mstari? Yeye ndiye aliyekuwa anaufuata kuliko wote."

Jamani, mlango huo hapo, umefunguliwa wazi! Ilikuwa ni kusema tu. Datius akatazama viatu vyake.

"Sijui," akasema.

Mastura akawafuata wachambuaji. Nao wakasema hawajui. Wote walisikia ule mchana, neno kwa neno, wakiwa na matonge mdomoni. Lakini nani amtaje mzee? Kila mmoja alimwachia mwenzake, na mwenzake akamwachia Mungu.

Kisha zikaanza pole. Hizo ndizo zilizommaliza. "Pole, Mzee, umepatwa." "Pole, hawa watoto wa siku hizi hawasikii mafunzo." "Usijilaumu, kila mtu anajua uendeshaji wako." Datius aliitikia asante, asante. Hakuna aliyemshuku. Mtu mwenye hatia angependa walau mmoja amkate jicho, apate wa kumkasirikia, lakini wote walimpenda, na yeye akajiona mwizi anayeandaliwa karamu na aliowaibia. Jumapili kanisani, watu walipojipanga kwenda kukomunika, alibaki kwenye benchi. Georgina alirudi mahali pake, akapiga magoti kando yake, hakumuuliza kitu.

Kila jioni alipitia hospitali. Alisimama mlangoni mwa wodi na chupa ya uji, akauliza, "Unaendeleaje, mwanangu?" Evelyne akajibu, "Vizuri, Taata," na wote wawili wakaishia hapo. Kuna siku alikwenda amejiandaa kabisa, maneno ameyapanga njia nzima. Alipofika akakuta anauliza kama uji wa jana ulikuwa na sukari ya kutosha.

Aliporuhusiwa, msichana alipelekwa Nshamba kwa mama yake. Ndipo habari ikasambaa ghalani kwamba kampuni itamwachisha kazi. Matibabu yangeendelea kulipwa kama sheria inavyotaka, lakini kazi ndiyo basi, kwa kuwa alifundishwa, alielewa, na bado akavuka mstari. Meneja Johnson alikuwa amesema wazi kwamba asipofanya hivyo, kesho kila mtu atauruka mstari na lawama itakuwa yake.

Datius akaomba ruhusa, akaenda Nshamba. Alinunua sukari na sabuni, akazibeba mkononi kama mtu anayekwenda msibani. Kokuhirwa alikuwa anaanika kahawa uani. Alipomwona tu akaacha kila kitu, akafuta mikono, akaja mbio, na kabla Datius hajasema lolote yule mama akashuka chini, magoti yote mawili kwenye udongo, akamwamkia.

"Inuka, mama. Inuka, tafadhali," Datius akasema.

"Nisipokupigia magoti wewe nimpigie nani?" Kokuhirwa akasema akiinuka. "Waliniambia ulikuwa unakwenda hospitali kila jioni. Nami namwambia kila mtu hapa, Evelyne ana baba kule mjini. Na nilipomuuliza aliumiaje, akasema alikuwa anakuamkia. Nikalia, lakini nikasema, angalau mji haujamharibu mwanangu. Angalau adabu anayo."

Datius alitamani ardhi immeze hapohapo. Akaingia ndani. Evelyne alikuwa ameketi kwenye mkeka, mguu umefungwa hogo la plasta kutoka pajani hadi kwenye vidole, magongo yameegemezwa ukutani. Alijaribu kujisogeza, hogo likamzuia, akainamisha kichwa.

"Shikamoo, Taata. Nisamehe, siwezi kupiga magoti."

Ni kama kisu kiliingia na kuzungushwa. Alifungua mdomo. Kokuhirwa akaingia nyuma yake na sahani yenye buni za kutafuna, akamwekea mbele kama mgeni wa heshima, akasema, "Wewe ni mkubwa pale kazini. Waombee wasimwachishe mtoto. Hana shule ya kutosha, na mguu huo hautamruhusu kushika jembe. Kazi ya kukaa mezani ndiyo pekee aliyonayo."

"Nitasema nao," Datius akajibu. Akachukua buni moja, akaitafuna, haikuwa na ladha yoyote.

Alipokuwa anarudi kwa pikipiki, hata Muleba mjini hawajafika, akamgusa dereva begani asimame. Akashuka, akaingia kwenye migomba ya watu, akalia. Alilia kwa sauti, mtu mzima na mvi zake. Dereva akamfuata taratibu, kofia mkononi.

"Pole sana, Mzee. Nani amefariki?"

"Hakuna aliyefariki. Twende."

Kikao kilipangwa baadaye kidogo, ofisini kwa Johnson, juu ya ghala, ambako kelele za mashine zinasikika kupitia sakafu. Evelyne alikuja kwa magongo, amevaa gauni la kanisani, kana kwamba amekuja kubatizwa. Walimsaidia kupanda ngazi. Mastura aliketi dirishani. Datius aliitwa kama dereva aliyehusika, naye alisimama karibu na mlango, mikono mgongoni. Safari hii alikuwa amejiapiza. Georgina alipompa koti lake asubuhi alimwambia neno moja tu, "Sema," bila kuuliza aseme nini, na hapo Datius akajua kwamba mkewe alijua tangu siku ya kwanza.

Johnson hakuwa mtu katili. Aliongea akitazama meza. Akasema anasikitika, akasema kila mtu anasikitika, lakini sheria ya mstari ipo na mfanyakazi alifundishwa. Kisha akamgeukia Datius.

"Mzee, una la kuongeza kabla sijafunga?"

Datius akapiga moyo konde.

"Ninalo, Meneja. Evelyne hakuvuka mstari kwa kujisahau. Nilimvusha mimi. Jana yake nilimkemea mbele ya wenzake kwa kuwa alikuwa ananiamkia amesimama. Nilimwamuru apige magoti. Alipiga magoti kwa sababu yangu, nami nikamkanyaga."

Mastura akageuka kutoka dirishani.

"Nilikuuliza, Mzee. Ukasema hujui."

"Nilikudanganya."

Na unajua Johnson alifanya nini? Alitabasamu! Tabasamu la huruma, lile ambalo Datius alishalichoka tangu zamani za zile pole.

"Mzee Datius," akasema, "wote hapa tunakufahamu. Huyu ni mtoto wa kijijini kwenu, na mama yake amekuomba umsaidie. Ningekuwa wewe na mimi ningefanya hivyohivyo. Lakini hatuwezi kukubebesha kosa lisilo lako kwa sababu una moyo mzuri." Akamgeukia msichana. "Evelyne, ni kweli alikwambia hivyo?"

Evelyne alikuwa anaangalia sakafu. Mikono yake miwili imeshika gongo.

"Hapana, Meneja," akasema polepole. "Taata hakuniambia kitu. Ananihurumia tu. Nilijisahau mwenyewe."

Datius alielewa papo hapo. Yule mtoto alikuwa anamfanyia adabu. Ileile aliyoidai kwa kelele, mchana kweupe, mbele ya sahani za watu, ndiyo aliyokuwa analipwa sasa, na kiasi kizima, bila kupunguzwa hata senti. Mtoto aliyefunzwa kwao hamwaibishi mzee mbele ya wakubwa. Afadhali apoteze kazi. Na Johnson alishashika kalamu.

"Evelyne," Datius akasema. "Niangalie."

Hakumwangalia.

"Niangalie usoni, mwanangu, si chini. Achana na Taata. Leo mimi si baba yako, mimi ni mtu aliyekuvunja mguu. Wewe unanitunzia heshima, mimi nimekuja hapa kuitapika. Wakiniamini mimi ni mtu mwema, wewe unakwenda kukaa kwa mama yako maisha yako yote na mimi narudi kwenye kile kiti kesho asubuhi na watu wananiambia pole. Nitaishije hivyo? Sema nilichokuambia. Kiseme chote. Nivunjie adabu, nakuomba."

Chini ya sakafu mashine ya kukoboa ilikuwa inaunguruma. Evelyne aliinua kichwa kidogo, akakishusha, akakiinua tena. Hakuwahi kumtazama Datius machoni tangu amfahamu. Sasa akamtazama, na midomo yake ikaanza kutetemeka, na Datius alidhani ni kilio. Kumbe ni hasira.

"Ulisema mimi ni mhuni wa stendi," akasema.

"Ndiyo."

"Mbele ya watu wote. Nikaenda chooni nikalia, nikarudi mezani nikachambua kahawa sioni. Wenzangu wakawa wananipisha kama nina ugonjwa. Ukasema utampigia mama aje kunichukua. Mama yangu alikuwa anakuombea kila siku!"

"Ndiyo," Datius akasema.

"Sikulala. Asubuhi nikavaa kanga juu ya suruali ya kazi ili nipige magoti vizuri. Nikaja nyuma yako. Nikapiga magoti, nikakuamkia. Hukuitikia. Nikaamkia tena kwa nguvu. Hukuitikia. Nikasema labda bado amekasirika."

Mastura akaja, akachuchumaa karibu na kiti cha msichana. "Evelyne, ile kengele ya rivasi ililia. Wote mezani waliisikia."

"Niliisikia."

"Ulijua anarudi nyuma?"

"Nilijua."

"Basi mbona hukuinuka ukakimbia?"

Evelyne alimgeukia kwa mshangao, kama mtu aliyeulizwa jambo ambalo kila mtoto analijua.

"Alikuwa bado hajaniitikia," akasema. "Niinukeje kabla mzee hajaitikia? Angenisema tena."

Datius akashika fremu ya mlango. Muda wote huo alijiambia kwamba kosa lake lilikuwa kumtuma mtoto mahali pabaya. Sasa alimwona pale chini, kanga imembana, kengele inalia, chuma kinamjia, naye anamngoja yeye aseme marahaba. Neno moja. Alikuwa hapo nyuma anaomba neno moja tu, na akaogopa kumkosea mzee kuliko alivyoogopa tairi.

Johnson aliweka kalamu chini. Alikohoa, akavua miwani, akaivaa tena.

"Inatosha, Evelyne," akasema kwa sauti ya chini. "Nimeelewa. Nafasi yako mezani ipo, hakuna atakayekuondoa. Na Mzee Datius, ule ufunguo wa foklifti utauacha kwa Mastura mpaka tutakapoamua vingine. Tuishie hapo, mtoto asijiumize zaidi."

"Sijamaliza," Evelyne akasema.

Johnson akamtazama Datius, labda akitegemea kwamba mzee atamtuliza mtoto, kama wazee wafanyavyo vikao vinapochemka. Datius alikuwa ameshautoa ufunguo mfukoni, ameuweka mezani.

"Mwache aseme," akasema.

Evelyne akaendelea. Alisema juu ya maumivu ya hospitali, na juu ya uji uleule wa kila jioni usiokuwa na neno lolote ndani yake, na juu ya mama yake kumpigia magoti mtu huyu uani huku yeye akisikia kila kitu kutoka kwenye mkeka. Hakumwita Taata hata mara moja. Datius alisimama palepale mlangoni akaitikia kila jambo, ndiyo, ndiyo, ni kweli, na hakuketi mpaka msichana alipokuwa hana la kusema tena.